Giza Lililogeuka Jivu: Kisa cha Popo wa 2022 Mbele ya Hadhira ya Kiswahili

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinahusu maonyesho mawili ya filamu moja, yaliyofanyika kwa siku zilizokaribiana katika ukumbi mdogo wa mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Jina la mji, la kikundi na ya wote waliohusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Filamu yenyewe sikuificha, kwa sababu bila kuitaja hakuna cha kujifunza: ni The Batman ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Matt Reeves. Mimi nilikuwa mratibu wa kikundi, na mawili kati ya makosa makubwa yanayoelezwa hapa niliyafanya mwenyewe.

Usuli

Kikundi chetu hukutana kujifunza filamu kwa kuzitazama na kuzijadili. Hakuna kiingilio, na wanachama ni watu wa aina nyingi: vijana wanaoanza kupiga picha za harusi, walimu wa shule, fundi umeme mmoja, akina mama wawili wenye duka la vitambaa, na wazee wachache waliopenda sinema tangu enzi za majumba ya sinema mjini. Wengine wanafuata Kiingereza vizuri, wengine hawakifuati kabisa, na kwa ajili yao tulimwomba mfasiri asimulie filamu kwa Kiswahili papo hapo.

Somo tulilokusudia lilikuwa moja: shujaa anayejulikana na kila mtu anawezaje kusimuliwa upya hadi aonekane mgeni? Popo, yaani Batman, alifaa kuliko shujaa yeyote. Alizaliwa mwaka 1939 katika toleo la 27 la jarida la katuni la Detective Comics, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, na tangu hapo amevaa sura nyingi. Mfululizo wa televisheni wa mwaka 1966 ulimfanya mtu wa rangi angavu na vichekesho; Tim Burton akamrudisha kwenye ukumbi wa giza mwaka 1989; Christopher Nolan, kati ya 2005 na 2012, akamweka katika mji unaofanana na miji halisi. Reeves alichagua njia nyingine. Alichukua neno lililomo katika jina la jarida lile, yaani upelelezi, akalifanya ndilo kazi yote ya shujaa. Popo wake yuko katika mwaka wa pili tu wa kazi yake. Anatembea polepole katika chumba alimouawa meya, miongoni mwa polisi wasiomtaka, akitazama vidole, damu na kadi iliyoachwa kwa jina lake. Kuuawa kwa wazazi wake, tukio ambalo filamu zilizotangulia zililionyesha tena na tena, hapa halionyeshwi hata mara moja.

Hapa sina budi kueleza mtindo wenyewe, kwa maana kisa chote kimesimama juu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wahakiki wa Ufaransa walipata nafasi ya kutazama kwa mkupuo filamu za Marekani ambazo hazikuwafikia wakati nchi yao ikikaliwa na Wajerumani. Waliona kwamba hadithi za uhalifu zilikuwa zimebadilika tabia: mpelelezi amechoka, mji umeoza, tajiri na jambazi wanakula sahani moja, na anayeitafuta haki anaipata ikiwa imeingia doa, tena mara nyingine doa hilo linamrukia yeye mwenyewe. Kuanzia mwaka 1946 filamu hizo zikaitwa film noir, yaani filamu nyeusi, na kwa hilo jina la pili nitazitaja hapa. Baadhi ya waliozitengeneza, kama Fritz Lang, Robert Siodmak na Billy Wilder, walikuwa wameukimbia utawala wa Wanazi, wakiwa wamelelewa na sinema za Ujerumani zilizojua kusema kwa kivuli. Kwa hiyo weusi wa filamu hizi ni sehemu ya usemi wake. Asiyeuona giza lake ni kama msikilizaji wa shairi aliyenyimwa vina.

Filamu ya Reeves ina urefu wa dakika 176, na sehemu kubwa yake hutokea usiku, ndani ya mvua. Mpiga picha wake, Greig Fraser, aliziacha sehemu pana za picha zikiwa nyeusi kabisa, akaangaza shavu, taa ya gari au mwali wa bunduki peke yake. Hayo nilikuwa nayafahamu kabla ya onyesho. Sikuyapa uzito.

Mfasiri na mapokeo yake

Mfasiri wetu ni mtu wa makamo aliyekulia katika vibanda vya video. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka Lufufu, na wa Kenya anamjua DJ Afro, wasimulizi wa filamu kwa Kiswahili; mfasiri wetu ametoka katika shule hiyo, ingawa hakuwahi kurekodi kazi yake. Katika mapokeo haya mfasiri hatafsiri maneno tu. Anamtambulisha steringi, anamwonyesha adui, anaeleza mila za kigeni, anatabiri kinachokuja, anaujaza ukimya kwa methali na mzaha, na anahakikisha kwamba aliyechelewa kuingia anajua tumefika wapi. Ni usanii mkubwa, na yeyote anayeudharau hajawahi kuketi kwenye benchi la kibanda akaona watu sabini wakipumua kwa pamoja kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja.

Usanii huo, hata hivyo, ulikomaa kwa filamu za mapigano, ambamo picha huonekana bila shida na steringi hujulikana tangu dakika ya kwanza. Hatukujiuliza utakuwaje mbele ya filamu inayoficha.

Onyesho la kwanza

Tulianza saa 10 alasiri siku ya Jumamosi, muda uliozoeleka na wanachama wote. Ukumbi una madirisha ya vioo pande mbili, tukayafunika kwa mapazia mepesi. Kwa kiwambo tulitumia shuka jeupe lililotandazwa ukutani, na projekta tuliiweka mwisho wa ukumbi ili picha ijae upana wa mita 4.

Filamu inaanza kwa mtu anayepeleleza nyumba kwa darubini. Hatumwoni; tunasikia pumzi zake tu, nzito na za karibu, huku ndani ya nyumba mtoto aliyevaa mavazi ya Halloween akicheza na baba yake. Pumzi zile ndizo zinazotupachika ndani ya mwili wa muuaji kabla hatujajua kwamba ni muuaji. Mfasiri, kama alivyozoea, alianza kazi hapo hapo: akaeleza kuwa huyu ni meya, yule ni mwanawe, sikukuu hii ni ya kizungu ya kuvaa vinyago, na anayechungulia ni adui mkubwa. Kila alichosema kilikuwa kweli, na pumzi hazikusikika hata moja.

Dakika chache baadaye likaja tukio la kituo cha treni. Genge la vijana waliojipaka rangi usoni limemzingira abiria mmoja. Upande wa pili wa jukwaa kuna giza, na kutoka gizani zinasikika hatua za buti, moja baada ya nyingine, bila haraka. Vijana wanatazama giza. Sisi pia tunapaswa kulitazama, tusijue ni nani atakayetoka. Kwenye shuka letu hakukuwa na giza. Palikuwa na eneo la rangi ya jivu lenye mikunjo mitatu ya kitambaa, na mwanga wa jua la alasiri ukiwa umelala upande wa kushoto. Mfasiri akapaza sauti, "Anakuja, anakuja, steringi huyo!" Watu wakapiga makofi kwa adabu, na tishio lote likaishia hapo.

Kufikia saa ya kwanza minong'ono ilikuwa imeanza. Mzee mmoja aliniuliza kama mashine imeharibika. Kijana wa picha za harusi alisimama akaenda kuketi sakafuni mbele kabisa, akiwa amekunja macho.

Maamuzi ya papo hapo na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu: nilipandisha kipimo cha mwangaza wa projekta hadi karibu na mwisho. Nilifikiri kwamba kisichoonekana kinahitaji mwanga zaidi. Picha ikazidi kuharibika. Baadaye filamu ina pambano katika korido lenye giza totoro, ambamo Popo na wenye bunduki huonekana tu kwa mimuliko ya risasi: mwali, sura, giza, mwali, ngumi, giza. Kwetu korido hilo lilionekana kama limejaa moshi mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na mimuliko ikawa haina cha kumulika.

Wa pili pia ulikuwa wangu. Nilimwandikia mfasiri kikaratasi: "Ongeza maneno, watu wanapotea." Sababu yangu ilikuwa ileile ya kwanza katika vazi lingine, kwamba pengo lazima lijazwe. Alinitii, ingawa aliniambia baadaye, "Mwalimu, nilikuwa nawaelezea watu kitu ambacho hata mimi sikioni."

Wa tatu tuliufanya pamoja, nao ulikuwa wa kusimamisha filamu karibu na Magharibi na kuwasha taa kwa mapumziko. Huo sijutii. Watu walihitaji kuswali, na kikundi hakiwezi kuishi kwa kushindana na ratiba ya mji wake. Kosa lilikuwa kupanga muda uliolazimisha mapumziko katikati ya hadithi ya upelelezi, ambamo kila kidokezo kinashikana na kilichotangulia.

Baada ya mapumziko zaidi ya nusu hawakurudi. Waliobaki walipoulizwa wameona nini, mama mmoja wa duka la vitambaa alijibu bila ubaya wowote: "Haionekani, na steringi mwenyewe hajiamini."

Sehemu ya pili ya jibu lake niliipuuza siku ile. Baadaye ilikuja kuwa ufunguo.

Matayarisho ya onyesho la pili

Fundi umeme wetu ndiye aliyetufundisha jambo ambalo mimi, mwalimu wa filamu, nilipaswa kuwa nimelifundisha. Projekta haitoi weusi. Hutoa mwanga, na pale ambapo picha ni nyeusi haitoi kitu. Kwa hiyo weusi tunaouona ni ukuta wenyewe ukiwa haujamulikwa. Kama ukuta una mwanga wa dirishani, basi huo ndio weusi wako wa mwisho, na hakuna kitufe kitakachouteremsha. Kipimo cha mwangaza nilichokipandisha huinua ngazi ya chini ya picha, yaani hukigeuza jivu kilichotakiwa kuwa cheusi. Nilikuwa nimeongeza ugonjwa nikidhani natoa dawa.

Tulifanya mambo manne. Muda ulihamishwa hadi saa 2 usiku, baada ya Isha, ili filamu ipite bila kukatwa. Madirisha yalifunikwa kwa turubai nyeusi, na nafasi chini ya mlango ikazibwa kwa kanga kuukuu. Vipimo vya projekta vilirudishwa vilivyokuwa. Mwisho tuliisogeza projekta mbele hadi picha ikapungua kutoka upana wa mita 4 hadi mita 3. Mwanga uleule ukiwa umekusanywa katika eneo dogo zaidi, kila sehemu ya picha hupata karibu mara 1.8 ya ule wa awali. Wanachama wawili walilalamika kwamba picha imekuwa ndogo. Tuliwaomba wasubiri.

Kazi ngumu zaidi aliifanya mfasiri. Alichukua filamu nyumbani, akaitazama mara ya kwanza bila kutafsiri neno, akiwa na spika za masikioni. Aliporudi alikuwa na daftari la shule lililogawanywa kwa mistari, na pembeni mwa kila tukio ameandika mojawapo ya maneno matatu: *nasema*, *nadokeza*, *nanyamaza*. Nilihesabu kurasa za mwanzo. *Nanyamaza* lilikuwa jingi kuliko mengine.

"Hii filamu ina msimulizi wake tayari," aliniambia. "Mimi nilikuwa nabishana naye."

Alikuwa amegundua jambo la msingi. Filamu nyeusi za zamani mara nyingi husimuliwa na sauti ya mtu aliyeshuhudia au aliyetenda, sauti ya chini, kama anayeungama. Reeves ameirudisha desturi hiyo: shujaa wake anaandika daftari la kumbukumbu, na tunamsikia akilisoma, kuanzia Alhamisi, tarehe 31 Oktoba. Anasema amekuwa mnyama wa usiku, na haelewi kama anachokifanya kinabadilisha chochote. Katika onyesho la kwanza mfasiri aliyaeleza maneno hayo kwa nafsi ya tatu: "Huyu jamaa anasema amechoka." Katika la pili aliamua kuyasema kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ya chini, akiwa ameketi katikati ya watazamaji badala ya kusimama mbele yao.

Tulikaa jioni nzima juu ya neno moja. Katika kituo cha treni kijana wa genge anamuuliza aliyetoka gizani yeye ni nani, naye, baada ya kumshushia mmoja wao kipigo cha kutisha, anajibu kwa kujiita jina la tendo, si la mtu. Onyesho la kwanza mfasiri alisema, "Mimi ni mtetezi wenu!" Ni tafsiri ya kibandani, yenye nguvu, na inamfanya awe steringi papo hapo. Lakini karibu na mwisho, mmoja wa wafuasi wa muuaji anavuliwa kinyago, anaulizwa yeye ni nani, naye anajibu maneno yaleyale ya Popo. Hapo mfasiri alikuwa amesema, "Nimekuja kulipiza." Kwa Kiingereza watu wawili wanajitambulisha kwa jina moja, na shujaa anajisikia katika kinywa cha muuaji; lakini kwa Kiswahili chetu cha Jumamosi hawakuwa na uhusiano wowote. Tulipima *mlipa kisasi*, tukaona linaeleza kazi. Tukaishia na "Mimi ni kisasi." Halikai sawa mdomoni, nalo halitakiwi kukaa sawa, maana mtu anayejiita kisasi amekwisha kuacha kuwa mtu.

Onyesho la pili

Waliokuja walikuwa pungufu kidogo kuliko mara ya kwanza. Taa zilipozimwa ukumbi ukawa mweusi kiasi kwamba mtoto wa mwanachama mmoja alimshika mama yake mkono. Pumzi za mtu mwenye darubini zilijaa chumba. Mfasiri hakusema kitu kwa muda niliouona mrefu mno, na nilijizuia nisimwandikie kikaratasi kingine.

Kwenye kituo cha treni, hatua za buti zilipoanza, nilitazama nyuso badala ya filamu. Kijana wa picha za harusi alikuwa amefungua mdomo. Mzee aliyewahi kuniuliza kama mashine imeharibika aliinama kuelekea picha, na nyuma yangu mtu akanong'ona, "Nani huyo?" Alikuwa anajua jina la filamu, ameona bango, na wiki iliyopita aliketi kiti kilekile. Bado aliuliza.

Karibu wote walikaa hadi mwisho, ambao ulifika usiku wa manane ukikaribia.

Uchambuzi

Mengi ya yaliyofanikiwa yalitokana na kuacha. Kwa miaka mingi tumefundisha kwamba tafsiri ni kazi ya maneno, na tumewapima wafasiri wetu kwa wingi na wepesi wa maneno hayo. Kisa hiki kinaonyesha kwamba katika filamu ya aina hii sehemu ya maana imewekwa mahali ambapo maneno hayafiki: katika ukuta usiomulikwa, katika pumzi, katika muda kati ya hatua moja na nyingine. Mfasiri aliyeandika *nanyamaza* daftarini alikuwa anatafsiri kwa uaminifu kuliko alivyowahi.

Jambo la pili ni la steringi. Yule mama alisema kuwa hajiamini, nasi tukachukulia kuwa ni lawama juu ya picha hafifu. Katika majadiliano ya usiku wa pili alirudia maneno yale, sasa kwa mshangao. Alikumbusha tukio la juu ya paa la jengo la polisi: Popo anafukuzwa, anafika ukingoni, anatazama chini, na kwa sekunde kadhaa uso wake ni wa mtu anayeogopa. Kisha anaruka, na kutua kwake ni kubaya, kwa kugonga na kubingirika barabarani. Kibandani kanuni ni kwamba steringi hafi, na kwa sababu hafi, haogopi. Filamu hii inamwachia uhai wake lakini inamnyang'anya uhakika, na kadiri upelelezi unavyoendelea inamnyang'anya hata usafi wa nyumba yake, anapofahamu kuwa baba yake alimwendea jambazi mkuu wa mji ili mwandishi wa habari anyamazishwe, na mwandishi akauawa. Hilo ndilo doa nililolitaja katika usuli. Mama wa duka la vitambaa aliliona kabla yetu sote, tena kwenye shuka lenye mikunjo.

Jambo la tatu linanigusa zaidi, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu hatukulipanga.

Adui wa filamu huacha mafumbo kwenye maiti. Onyesho la kwanza mfasiri alimwita Mtu wa Mafumbo. La pili alimwita Mtegaji, neno la mchezo wetu wa vitendawili. Badiliko dogo, lakini lilifungua mlango. Fumbo la kwanza linauliza mwongo hufanya nini akifa, na jibu lake kwa Kiingereza limesimama juu ya neno moja lenye maana mbili, kudanganya na kulala. Kiswahili hakina neno hilo. Jumamosi mfasiri alieleza maana zote mbili kama mwalimu wa darasa, na fumbo likafa pamoja na meya. Usiku wa pili alitega kwa sauti: "Mwongo akifa hufanya nini?" Akaacha kimya kidogo, kisha akajibu: "Safari hii amekufa kweli." Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu maiti ilikuwa mbele yao. Jibu hilo si la Kiingereza hata kidogo, lakini limefanya kazi ileile, la kuchezea neno juu ya mtu aliyeuawa hadi anayecheka ajione ameingia katika ukatili wa mtegaji.

Kuanzia hapo hadhira ilianza kuitikia. Fumbo lilipoonekana kwenye kadi, sauti mbili tatu zilisema chinichini, "Tega." Kisha tukafika katika mahojiano ya hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako Mtegaji amekwisha kukamatwa na Popo yuko upande wa pili wa kioo, akiamini kwamba yote yameteguliwa. Kidogo kidogo Mtegaji anatambua kwamba mwenzake hajalifahamu fumbo la mwisho. Anashangaa, kisha anafurahi. Nyuma ya ukumbi mama wa pili wa duka la vitambaa alisema wazi, "Basi ashampa mji."

Kila aliyekuzwa na vitendawili anajua alichomaanisha. Ukishindwa kutegua, mtegaji hudai mji. Unampa jina la mji, naye huenda huko kwa maneno, hula, hunywa na kujitapa, ndipo akupe jibu. Dakika chache baadaye, kwenye filamu, mabomu yaliyotegwa kando ya ukuta wa bahari yanalipuka na maji yanaingia Gotham, mji wa Popo. Mtegaji amepewa mji kwelikweli. Sidhani Reeves aliwahi kusikia desturi hii, na sidai kwamba ndiyo maana aliyoikusudia. Ninachodai ni kwamba hadhira yetu ilikuwa na chombo chake cha kuifahamu filamu hiyo, chombo ambacho watazamaji wa kwanza kabisa wa Marekani hawakuwa nacho, na kwamba katika onyesho la kwanza tulikuwa tumekifunika kwa maelezo.

Hata mwisho wa filamu ulisomeka vingine. Popo anakata waya wa umeme ulioning'inia, anaanguka majini, anawasha mwenge mwekundu na kuwaongoza watu waliokwama kupita katika maji yenye giza. Katika ukumbi wenye jivu hilo lilikuwa tukio la uokoaji kama mengine. Katika ukumbi mweusi, baada ya karibu saa tatu za kulitazama giza lenyewe, doa lile jekundu lilikuwa ndicho kitu pekee kilichoonekana chumbani, na nyuso zetu zilikuwa nyekundu pia.

Ambayo hayakufanikiwa

Urefu wa filamu ulibaki tatizo. Kumaliza karibu na usiku wa manane kuliwazuia baadhi ya akina mama kuja, na wale waliokuja walilazimika kusindikizwa. Gharama hii haikubebwa na wote kwa usawa, na sina hakika kuwa tulikuwa na haki ya kuipanga hivyo bila kuwauliza kwanza.

Mfasiri naye alilipa. Katika mtindo wake wa kawaida husifiwa kwa jina akimaliza. Usiku ule watu walitoka wakizungumza juu ya filamu na wachache tu walimshika mkono. Nilipomweleza kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe, alinijibu kwa upole kwamba sifa ya namna hiyo mtu hawezi kwenda nayo sokoni. Sasa tunataja jina lake kabla taa hazijazimwa, na tunawaeleza watu kwamba watamsikia kidogo kwa makusudi.

Na kuna fumbo moja ambalo limetushinda. Mtegaji anaandika kwa Kihispania juu ya panya mwenye mabawa, tena kwa kosa la sarufi ambalo mmoja wa majambazi analicheka. Baadaye Popo anang'amua kwamba maneno yakisomwa kwa sauti, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania, yanatoa herufi URL, yaani anwani ya tovuti. Anaichapa kwenye kompyuta, na Mtegaji anamjibu hapo hapo, maandishi yakitokea kwenye kiwambo cheusi. Mfasiri alijaribu kueleza lugha zote mbili, kosa la sarufi na zile herufi, na alipomaliza mazungumzo ya kompyuta yalikuwa yamekwisha. Mara nyingine alijaribu kuruka fumbo na kusema tu kwamba Popo ameipata anwani, na vijana wakataka kujua ameipataje, kwa kuwa upelelezi ndio uliowaleta. Daftarini, pembeni mwa tukio hilo, ameandika *nasema*, akafuta, akaandika *nanyamaza*, akafuta tena, na nafasi hiyo mpaka sasa iko wazi.